Mikono ya Mama Ilibaki Uani

Mama yangu alikuwa mkoma. Nalitanguliza neno hilo ili anayetaka kuondoka aondoke sasa. Nimewaona wengi, mtu anakaa kwako, anakunywa chai yako, ukilitaja tu anashusha kikombe na kukumbuka kwamba ameacha mboga jikoni. Mimi sina haya nalo. Haya niliwaachia wao.

Tulikaa Kariakoo, nyuma ya soko, miaka ya hamsini, Mwingereza angali anatawala. Nyumba yenyewe ilikuwa kama nyumba zote za Kariakoo: ukumbi katikati, vyumba vya kupanga huku na huku, na ua nyuma. Wapangaji wazima walipita mlango wa mbele. Sisi tulikaa mwisho wa ua, karibu na choo, katika vibanda vya udongo vilivyoezekwa kwa madebe yaliyonyooshwa, na mlango wetu ulikuwa ule wa uchochoroni. Mvua ikinyesha yale madebe yalipiga kelele hata hamsikilizani, na maji machafu yalipanda mpaka kizingitini. Mwenye nyumba, bibi mjane, alituweka kwa sababu mumewe alikufa na ugonjwa huohuo, akiwa amefichwa chumbani. Wapangaji walimnung'unikia kila siku, naye aliwajibu kwamba mji ni mkubwa, wahame.

Uani tulikuwa mama, mimi, babu mmoja wa Kinyamwezi, na mwanamke tuliyemwita Shangazi ingawa hatukuwa na undugu naye. Babu alikuwa mpagazi katika vita ya Mjerumani, akabeba mizigo ya wakubwa porini, na sasa hakuwa na vidole vya miguu. Yeye Mnyamwezi, mama Mzaramo, kwa hiyo ni watani, na matusi waliyopeana asubuhi hadi jioni mtu mwingine angeitiwa polisi. "Mnyamwezi weye, umetembea mpaka vidole vimekukimbia." "Na wewe Mzaramo umedoea ngoma za watu mpaka Mungu kakukata mikono." Shangazi yeye pua ilikuwa imebonyea, na akicheka alijifunika uso wote kwa kanga.

Mama alikuwa na uso mzuri mpaka anakufa. Ugonjwa ulimla mikono tu, ukashiba, ukaondoka. Vidole vilifupika vikabaki vifundo, kama tangawizi, na havikusikia moto wala kisu.

Kwa mikono hiyo alisuka mikeka. Shangazi alichemsha rangi akaitia miyaa, yale majani ya mkindu yaliyochanwa, mama akasuka ukili, ukanda wa kushonea mkeka: huku ameubana kwa vidole vya mguu, huku kwa meno, na vile vifundo vinapitisha miyaa juu na chini, juu na chini, upesi hata jicho halifuati. Kushona alishona kwa sindano kubwa niliyomfungia kifundoni kwa kitambaa. Mimi nilikaa ubavuni pake kutazama damu. Hakuwa anasikia sindano ikimwingia, kwa hiyo tangu nikiwa mdogo kazi yangu ilikuwa kumwambia, "Mama, unatoka damu," naye aondoe mkono kabla mkeka haujaharibika. Mkeka kwanza, kidonda baadaye.

Mimi pia ndiye niliyeipeleka dukani. Tulimuuzia mama mmoja wa Kichaga, Mkristo, mwenye duka la jumla karibu na soko. Alidhani mikeka inatoka Kisarawe kwa bibi yangu. Nilimwambia hivyo mwenyewe, na kila mara alinituma nimpe bibi salamu. Watu walisali juu ya mikeka ile, wakalala juu yake, wakawatandikia maharusi, na hakuna aliyejua imesukwa na nani. Wangejua, tusingeuza hata kipande. Wala msiniambie tulidanganya watu. Mkeka haukumwambukiza mtu yeyote. Njaa ndiyo ingetumaliza.

Mpiga picha aliletwa na mkeka. Alikuwa kijana wa Kishihiri, wale Waarabu wa Hadhramaut. Kwao walikuwa na duka Mchafukoge, lakini yeye aliwakimbia ndugu zake na mizani yao akaenda kufanya kazi studio ya Mhindi mmoja palepale Mchafukoge. Siku hiyo alikuwa dukani kwa mama wa Kichaga anatafuta mkeka wa kutandika studio, wateja wapigiwe picha juu yake. Aliupenda wetu, lakini akataka wa rangi zake mwenyewe. Akaniuliza bibi yangu anakaa wapi huko Kisarawe. Nikamwambia mbali. Akasema atapanda basi. Nikamwambia bibi mkali. Akacheka, mimi nikachomoka mbio, kumbe anakuja nyuma yangu.

Alitukuta kama tulivyo. Mama ana ukili mdomoni. Nilimngoja afanye wanavyofanya wote: kwanza macho yanashuka mikononi, halafu yanarukia ukutani, halafu miguu inafuata. Huyu alivua viatu.

"Shikamoo, mama."

Mama akatema ukili. "Marahaba. Umepotea?"

"Natafuta mkeka."

"Mikeka iko sokoni."

"Nataka wa mistari myekundu, na pembeni uwe na meno meno, hivi." Akachuchumaa akachora mchangani kwa kidole. Mama akainama kutazama, akaufuta mchoro kwa kifundo chake, akamwambia meno namna hiyo hayashoneki, labda hivi. Wakabishana juu ya rangi. Mara akaomba maji.

Kata yetu ya kuchotea maji ilikuwa yetu. Wapangaji wa mbele walikuwa na mtungi wao na sisi wetu, na mtoto wao akigusa kata yetu alichapwa. Shangazi akanituma nikaazime kikombe mbele.

"Kikombe cha nini, shangazi? Kata si hiyo hapo?" Akachota, akanywa, akachota tena.

Babu akauliza kutoka kibandani kwake, "Huyu ni mwendawazimu, au hajaambiwa?"

"Naona mwenyewe, babu."

"Basi ni mwendawazimu. Karibu, umefika kwenu."

Akaanza kuja kila studio ikifungwa. Miezi mingi alikuja bila kamera. Alileta kahawa, alikaa chini, alijifunza kuchana miyaa, akaichana vibaya, akatukanwa. Babu alikuwa hajatoka uani miaka, basi kijana alimpakia nyuma ya baiskeli akampeleka Mnazi Mmoja kusikiliza mkutano, maana wakati ule watu walianza kukusanyika pale kudai nchi yao. Babu alirudi akaingia moja kwa moja kibandani kwake. Tulipomsumbua sana akasema, "Wanasema tutajitawala wenyewe. Nikamuuliza jirani yangu, hata sisi? Akasogea pembeni."

Siku alipokuja na kamera, mama alikasirika. Kwetu picha ilikuwa na maana moja tu: Bwana Afya. Yule bwana wa serikali aliyepita majumbani kutafuta mbu na wagonjwa, mtu akitaka kukupeleka kwake alihitaji nini zaidi ya sura yako?

"Unatafuta nini kwetu?" mama akamuuliza. "Ukoma hauna sura ya kutundika ukutani."

Alijibu polepole, kamera bado iko kwenye mfuko wake wa ngozi. "Studio kuna pazia, mama, limechorwa mlima na ziwa. Kila mtu anakuja na nguo za kuazima, nampiga mbele ya ziwa ambalo hajanywa maji yake. Anaondoka hata mimi sijui nimempiga nani. Nimechoka na pazia lile."

Halafu akatupa ahadi, na nataka muisikie vizuri kwa sababu mengine yote yametoka humo. Alisema picha ya mtu ni ya mtu. Ataipiga, ataisafisha, ataileta hapa uani, mwenyewe aione kwanza. Akisema hapana, inachomwa mbele yake. Akisema ikae, inakaa palepale uani. "Haitoki mlango huu bila kinywa chako," alisema, "na mimi sitasema nilichokiona humu bila kinywa chako."

Shangazi ndiye aliyempima. Alikubali kupigwa, uso wazi, bila kanga. Picha ilipokuja aliitazama, akasema, "Ichome." Yule kijana hakubisha. Alitoa picha na filamu yake, akavitia kwenye mafiga yetu, vikaungua kwa harufu mbaya ua mzima. Shangazi alivitazama mpaka vikawa majivu, kisha akakaa sawasawa. "Haya. Sasa piga nyingine."

Baada ya hapo alipiga nyingi. Babu akijikuna. Shangazi na masufuria yake ya rangi. Mimi na mtungi kichwani. Na mikono ya mama. Ile mikono aliipiga mara nyingi hata mama akamuuliza kama ataioa. Mojawapo ilizidi zote: ukili umenyooka kutoka mguuni mpaka menoni, umekaza kama waya, na vile vifundo viwili viko katikati vinafanya kazi. Mama aliishika kwa muda mrefu.

"Hivi ndivyo nilivyo?"

"Ndivyo, mama."

"Nafanana na kuku anayevuta mnyoo."

Tulicheka mpaka wapangaji wa mbele wakaja kuchungulia. Lakini alipomaliza kucheka alinipa ile picha nikaiweke chini kabisa ya sanduku lake la nguo. "Hii isitoke," alisema. Hakuitaka ichomwe, alitaka isitoke.

Bwana Afya alikuja baada ya mvua za masika. Mpangaji mmoja wa mbele alikuwa amekwenda kutusema. Alikuja amevaa kaptula ya kaki, na msaidizi wake kabeba bomba la dawa ya mbu, akasimama mlangoni pa uchochoro, hakuingia. Mweusi mwenzetu, anatusemesha kama tuko ng'ambo ya mto.

"Kuna kambi, upande wa pili, mbele ya Kigamboni. Kuna vidonge, kuna chakula. Mtapelekwa."

"Ugonjwa wangu umekwisha," mama alisema. "Tangu huyu binti anatambaa haujaongeza hata kidonda."

"Hilo atasema daktari wa huko."

"Na binti?"

"Wazima hawaingii."

Nilikuwa sijavunja ungo sawasawa. Baba simjui. Ndugu wa mama walikuwa wametukataa siku nyingi, hata msiba ukiwapata hawatupi habari. Bila mama nilikuwa mtu wa kuokotwa sokoni pamoja na maganda ya nyanya, na mama bila mimi alikuwa mtu wa kutokwa damu bila kuambiwa.

Bwana Afya akasema tena, "Bwana Shauri anataka mji uwe safi. Nyinyi hamna kazi, mnaishi kwa kuomba."

"Sisi hatujamwomba mtu."

"Basi mnakula nini?"

Mama akavuta kanga akafunika mikono. Miyaa ilikuwa imefunikwa na gunia, umbali wa hatua chache tu kutoka miguu ya yule bwana.

Kijana wa Kishihiri aliposikia alikuja mbio na shauri lake. Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alikuwa mteja wa studio, angeweza kuingia ofisini kwake kumpelekea picha. Wanasema hamna kazi? Aione kazi. Aione ile picha ya mikono kwa macho yake mwenyewe, atajua kwamba hapa watu wanajilisha.

Ndipo ua ukagawanyika.

"Ipelekwe," Babu alisema. "Mie nimeshabebeshwa mizigo ya kutosha, sitaki na kubebwa."

"Unasema hivyo kwa sababu hujui kusuka," Shangazi akamjibu. "Ikijulikana mikeka ni yetu, nani atanunua? Weye utakula picha?"

Kijana akasema itaonwa na Bwana Shauri peke yake.

Mama alicheka, cheko baya. "Mwanangu, weye umezaliwa mjini lakini hujui mji. Bwana Shauri ana karani. Karani ana mke. Mke ana kibaraza. Siku ya pili mama wa Kichaga anachoma mikeka yake yote dukani, na huyu binti anapigwa mawe njiani. Tutakuwa tumeachiwa ua na njaa ndani yake."

"Mama, wakikuchukua je?"

"Mpelekee picha yangu. Sijakataa picha. Nimekataa mikono."

Sasa sikilizeni tulichofanya, maana ni watu kama sisi tu wangeweza kukifanya. Kwetu mtu haendi mbele ya mkubwa na nguo za jikoni. Ukienda shauri unaoga, unatia mafuta, unavaa kuliko siku ya Idi, huna unaazima. Kumwonyesha mkubwa matambara yako ni kumtukana yeye na kujitukana wewe. Na picha ya kwenda kwa Bwana Shauri ni wewe mwenyewe unakwenda. Basi mwenye nyumba akatoa doti ya kanga mpya kabisa, bado inanukia duka. Akatoa na vipuli vyake vya dhahabu. Babu akaazimiwa kanzu na koti la marehemu. Shangazi akapakwa wanja na mimi. Tukatandika mkeka bora kuliko yote mama aliyowahi kusuka, wa mistari myekundu, ndugu wa ule wa studio, wakakaa juu yake kama watu wa ukoo mkubwa.

Yule kijana alizunguka na kamera yake, jasho linamtoka. Alipiga goti mbele ya mama. "Mkono mmoja, mama. Uache tu juu ya paja. Sitaonyesha kazi. Mkono tu."

Mama akaizungusha kanga, akaiingiza mikono yote ndani, akakaza. "Usinivue nguo mbele ya Mzungu."

Akapiga. Alirudi nayo imesafishwa, mama akaitazama, akafurahi kama msichana. "Hii ndiyo," alisema. "Hii itoke."

Ikatoka.

Aliporudi kutoka ofisini nilimwona mlangoni nikajua. Hakuvua viatu. Alisimama navyo akaeleza akiwa anatazama mafiga. Bwana Shauri aliishika ile picha, akaigeuza, akaigeuza tena, akamwonyesha karani wake. "Hawa ndio maskini wako? Mbona wamevaa kuliko mke wa karani wangu?" Halafu akauliza, watu wasio na kazi wamepata wapi dhahabu, na mkeka mzuri kama huu wameupata wapi. Na huyu mwanamke, mikono anaificha ya nini kama ugonjwa umekwisha?

"Ukamjibu nini?" nikamuuliza.

"Sikumjibu."

"Ulimwambia mkeka kausuka yeye?"

"Hapana."

"Kwa nini hukusema? Neno moja tu! Mama angekuchukia lakini angekuwepo!"

"Nilimwahidi," alisema.

Nilimwita majina ambayo sitayaandika. Nilimwambia ahadi yake akaipigie picha ailaze studio, mbele ya ziwa lake. Mama alinyanyuka akanizaba kofi kwa ule mkono usiosikia kitu. Mimi nilisikia kwa wote wawili.

"Mwenye mikono ni nani?" aliniuliza. "Mwenye mikono ni nani hapa? Huyu ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia hapana akaisikia."

Akamgeukia kijana. "Vua viatu, unywe maji."

Lori lilikuja asubuhi. Wapangaji wa mbele walitoka kutazama na watoto wao mbavuni, wameziba pua, na hapakuwa na harufu yoyote zaidi ya dawa ya lile bomba. Vibanda vilipuliziwa dawa, vitu vikatolewa uchochoroni vikachomwa: miyaa iliyotiwa rangi, ukili uliokwisha kusukwa, na ule mkeka mwekundu. Miyaa ikiungua inanukia vizuri sana, sijui kama mnajua. Mwenye nyumba alifanikiwa kuliburuta sanduku la mama mpaka chumbani kwake, akaniburuta na mimi. Lakini lori lilipoondoka nilimponyoka. Nililifuata kwa miguu, nikakata Mnazi Mmoja katikati ya watu, nikatokea Magogoni nimeishiwa pumzi, nikalikuta limesimama kwenye foleni linangoja pantoni.

Walikuwa nyuma ya lori watatu wao, juu ya magunia. Watu wa kivukoni walikuwa wameshasogea, pamebaki duara tupu kulizunguka lori. Kijana wa Kishihiri alikuwa amesimama ndani ya duara lile peke yake. Mikono mitupu.

"Sanduku lako la picha liko wapi?" mama alikuwa anamuuliza.

"Nimeliacha studio, mama."

"Kwa nini?"

"Niliona haya."

"Haya!" Mama alipiga ubao wa lori. Ndipo nikaona: kanga imeshuka kiunoni, na mikono yote miwili iko nje, juu ya ukingo wa lori, mchana kweupe, mbele ya wachuuzi wa samaki na makuli na kila mtu. Sijawahi kumwona hivyo nje ya ua wetu. "Siku ya maisha yangu ndiyo hii, na weye umeacha kamera! Mikeka imeungua. Namficha nani tena? Leo ningekuruhusu upige mpaka filamu iishe."

"Nikimbilie?"

Pantoni ilikuwa inakaribia ukingo. Babu akainua shingo. "Kimbia, Mshihiri! Tutamwambia nahodha kuna mgonjwa kasahau vidole, asubiri!"

Akakimbia. Mimi nikasogea mpaka lorini. Askari alinizuia nisipande, lakini mikono alishindwa kuizuia. Niliishika. Kulikuwa na mkwaruzo mpya chini ya kifundo cha kulia, unavuja.

"Mama, unatoka damu."

"Nifunge."

Nikachana upindo wa kanga yangu nikamfunga. Lori likanguruma. Watu wakiandika habari za kuagana huweka maneno mengi, sisi tulikuwa na hayo tu.

Kijana alirudi na kamera kifuani, shati limeganda mgongoni. Pantoni ilikuwa imefika katikati ya maji. Akainua kamera jichoni, akakaa hivyo. Akaishusha.

"Haonekani," alisema.

Nilimwona mama mara chache baada ya hapo, nikiwa upande huu wa uzio na yeye upande ule. Aliniambia vidonge vinampa kizunguzungu. Hakukuwa na miyaa huko, na hakukuwa na wa kumwangalia damu. Kidonda cha mkono kilioza, nadhani ni kilekile nilichokifunga, ingawa hakuna aliyenithibitishia. Alikufa kabla ya uhuru. Habari zilinifikia amekwisha kuzikwa. Niliambiwa Babu, kama mtani, ndiye aliyefanya mzaha wake wote pale kaburini, akalala juu ya udongo akidai alipwe ndipo aondoke, na hakukuwa na ndugu hata mmoja wa kumlipa. Shangazi akampa kanga yake.

Mshihiri alinijia msibani, uani kwa mwenye nyumba, ambaye alinilea mpaka nikaolewa. Alinipa bahasha ndogo. Ndani yake ilikuwa filamu ya ile picha ya mikono. Akaniambia, "Ilikuwa ya mama yako. Sasa kinywa ni chako." Nikaitoa ile picha sandukuni, nikaitia humo pamoja na filamu. Halafu akauliza kitu ambacho naona kilikuwa kikimla usingizi: lile neno alilolisema mama Magogoni, ningekuruhusu, je, lilikuwa ruhusa ya mikono kwa jumla, au ya siku ile tu?

"Alisema leo," nikamjibu.

"Na mimi nilisikia leo," alisema. Hakuuliza tena. Studio ile ilifungwa miaka mingi baadaye, na mpaka inafungwa maharusi wa mji huu walikuwa wanapigwa picha wamesimama juu ya mkeka wa mama yangu.

Ile picha ya kanga na vipuli iko ukutani kwangu. Wageni husifu uso, husifu mkeka. Nawaambia mkeka kausuka huyohuyo aliyeukalia, na alikuwa mkoma. Neno naweza kulitoa, ni langu, na waliokuwa wanunuzi wamekwisha kufa. Hapo wanasogelea ukuta, wanaitafuta mikono.

Nina mjukuu wa kike aliyesoma mpaka macho yakataka miwani, na najivunia, nitawaambia hata msipouliza. Anajua iliko ile nyingine, ya mikono. Mwaka huu alikuja na maneno: kuna watu wanakusanya picha za zamani za Dar, wataitundika mahali pa heshima, dunia nzima ione jinsi bibi mzaa bibi alivyofanya kazi.

"Bibi, kwani sasa tunamficha nani?"

"Hatumfichi mtu."

"Sasa je?"

"Hajasema itoke."

"Lakini kule Magogoni si alisema?"

"Alisema leo, mwanangu. Na leo yake ilivuka na pantoni."

Alinuna, akaondoka. Anadhani nikifa ataifungua ile bahasha. Labda ataifungua. Nimemwambia kabla hajaamua, aketi chini, anywe maji kwa kata, na aitazame mwenyewe kwa muda mrefu.